Kitabu cha Kati si Daraja Tu: Historia ya The Tombs of Atuan na Funzo Lake kwa Mhakiki

Utangulizi

Katika uhakiki wa riwaya zinazoandikwa kwa sehemu tatu, yaani trilojia, kitabu cha kwanza husifiwa kwa kuuzua ulimwengu wa hadithi nacho cha tatu husifiwa kwa kuufunga mgogoro. Kitabu cha pili aghalabu huchukuliwa kuwa daraja. Msomaji hupita juu yake akiwa na haraka ya kufika ng'ambo. Makala haya yanadhamiria kuupinga mtazamo huo kwa kufuatilia historia ya kitabu kimoja cha kati, The Tombs of Atuan, yaani Makaburi ya Atuan. Ni riwaya ya kifantasia iliyoandikiwa vijana na Mmarekani Ursula K. Le Guin na kuchapishwa mwaka wa 1971.

Swali linalotuongoza ni hili: je, maana ya kitabu imo ndani ya kurasa zake pekee, au hubadilika kadiri vitabu vingine vinavyowekwa kando yake? Swali hili linamhusu pia mwalimu wa Kiswahili. Yeyote aliyewahi kufundisha Nagona ya Euphrase Kezilahabi bila kuigusa Mzingile amekumbana nalo, hata kama hakuliita kwa jina. Aidha, fantasia si ngeni kwetu. Shaaban Robert alitupa nchi inayoelea angani katika Kusadikika, naye msomaji wa Kiswahili hakuona ajabu; alielewa mara moja kwamba anaambiwa habari za utawala na haki. Ni kwa jicho hilo hilo tunaloitazama kazi hii ya ng'ambo.

Kabla ya trilojia

Le Guin alizaliwa Berkeley, California, mwaka wa 1929 na kufariki Portland, Oregon, Januari 2018. Babake, Alfred Kroeber, alikuwa mwanaanthropolojia mashuhuri, na mamake, Theodora Kroeber, alikuwa mwandishi. Si ajabu, basi, kwamba katika kazi zake dini, ibada, miiko na majina si mapambo tu. Ni misingi inayoshikilia jamii anazozibuni.

Ulimwengu wa Earthsea, ambao ni funguvisiwa kubwa lenye watu wa mila mbalimbali, ulichungulia kwa mara ya kwanza katika hadithi fupi mbili zilizotolewa mwaka wa 1964. Mwaka wa 1967 mchapishaji wa kampuni ndogo ya Parnassus Press alimwomba aandike kitabu cha vijana. Matokeo yake yalikuwa A Wizard of Earthsea, kilichotoka mwaka wa 1968. Humo tunakutana na Ged, mvulana mchunga mbuzi mwenye kipawa, ambaye kwa majivuno anafungulia kivuli kiovu na kulazimika kukifuata hadi upeo wa bahari. Hapa inafaa kutahadhari kuhusu istilahi. Neno "mchawi" katika Kiswahili limebeba uovu mtupu. Ged ni msomi aliyefunzwa majina ya kweli ya vitu na jinsi ya kuyatumia bila kuvuruga mizani ya dunia. Tutamwita mwanamizungu.

Jambo la kukumbukwa ni kwamba kitabu hicho cha kwanza hakikuandikwa kama theluthi ya kazi kubwa. Kilikuwa kimekamilika. Kitabu cha pili kilitokea kwanza kwa umbo fupi katika jarida la Worlds of Fantasy, kisha kikachapishwa kamili na kampuni ya Atheneum mwaka wa 1971. Mwaka wa 1972 kilitajwa miongoni mwa vitabu vya heshima vya Tuzo ya Newbery, ambayo hutolewa na chama cha wakutubi wa Marekani kwa fasihi ya watoto. Mwaka huo huo kilitoka kitabu cha tatu, The Farthest Shore, kilichopata Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu ya Marekani mwaka wa 1973. Hivyo ndivyo trilojia ilivyopatikana. Ilikua mfano wa nyumba inayoongezwa chumba kadiri familia inavyozidi kupanuka, bila ramani iliyochorwa mapema.

Aina tatu za kitabu cha kati

Historia hiyo inatusaidia kutofautisha vitabu vya kati, kwani si vyote vilivyo sawa.

Aina ya kwanza ni kipande kilichokatwa. The Lord of the Rings ya J. R. R. Tolkien iliandikwa kama riwaya moja ndefu, kisha mchapishaji akaigawa sehemu tatu zilizotoka kati ya 1954 na 1955. Sehemu ya pili, The Two Towers, haina mwanzo wala mwisho wake yenyewe. Kuihakiki peke yake ni sawa na kuuhakiki ubeti wa kati wa shairi ukiwa umeng'olewa mahali pake.

Aina ya pili ni kiungo kilichopangwa. The Subtle Knife ya Mwingereza Philip Pullman, ya mwaka wa 1997, inaanza na mhusika mpya, mvulana Will, katika dunia yetu, kisha inamkutanisha na Lyra wa kitabu cha kwanza. Inapanua uwanja wa hadithi, lakini inamwacha msomaji akining'inia hadi kitabu cha tatu cha mwaka wa 2000. Taharuki ndiyo gundi yake.

Aina ya tatu ni chumba kilichoongezwa, na humu ndimo mlimo na The Tombs of Atuan. Kitabu kina mwanzo, kilele na mwisho. Msomaji asiyemjua Ged hapotezi chochote cha lazima. Hata hivyo, kinayabadilisha yote yaliyotangulia, kwa kuwa kinamhamisha msomaji kutoka upande wa shujaa na kumweka upande wa anayeambiwa kwamba shujaa huyo ni adui. Mtahiniwa anayehakiki sehemu moja ya trilojia aanze kwa kujiuliza: hiki ni kipande, kiungo, au chumba?

Msuko kwa muhtasari

Katika nchi ya Wakargi, kuhani mkuu wa Makaburi anapokufa, hutafutwa msichana aliyezaliwa usiku ule ule, naye huaminiwa kuwa ndiye yule yule aliyerudi. Tenar anachukuliwa kwa wazazi wake akiwa na umri wa miaka mitano. Katika ibada ya kutisha ananyang'anywa jina na kuitwa Arha, maana yake Aliyeliwa. Anakulia jangwani miongoni mwa wanawake na matowashi, akiwatumikia Wasio na Majina, nguvu za giza zinazokaa chini ya ardhi. Himaya yake ni pango ambamo mwanga umeharamishwa, na mzingile wa njia za chini kwa chini ambao lazima aujue kwa kupapasa.

Akiwa msichana mdogo tu anatakiwa kuamua namna wafungwa watatu watakavyouawa. Anaamuru wanyimwe chakula na maji. Baada ya hapo anaandamwa na ndoto mbaya. Kisha siku moja anaona jambo lisilowahi kuonekana: mwanga ndani ya pango. Ni Ged, aliyekuja kutafuta nusu ya bangili ya kale iliyovunjika, ambayo ikiunganishwa itarudisha alama ya amani iliyopotea. Arha anamfungia ndani ya mzingile ili afe kwa kiu, lakini hawezi kuacha kumchungulia. Anampa maji, kisha anazungumza naye. Mwishowe Ged anamwita kwa jina lake la kweli, Tenar. Wanatoroka pamoja, Makaburi yanaporomoka kwa tetemeko la ardhi, nao wanaipeleka bangili katika mji wa Havnor.

Mandhari yanayofanya kazi

Ged haonekani hadi sura ya tano kati ya sura kumi na mbili. Mhakiki mwenye pupa atasema kwamba mwandishi amechelewesha hadithi. Ukweli ni kwamba kuchelewa huko ndiko hadithi yenyewe. Sura nne za kwanza, pamoja na dibaji, zinamfunza msomaji kuishi mahali pasipotokea jambo: ukuta, vumbi, kufuma, kuimba nyimbo ambazo maana yake imesahaulika. Mwanga unapowaka, msomaji anashtuka pamoja na Arha. Anauona kama kufuru, si kama ukombozi. Mwandishi asingefaulu kuleta athari hiyo kama angeanza na mwanamizungu akishuka kwenye ngazi.

Le Guin alieleza kwamba mandhari ya Atuan yalitokana na safari fupi aliyoifanya katika jangwa la mashariki mwa Oregon. Jangwa hilo linatimiza kazi mbili. Kwanza, ni kinyume cha bahari ya kitabu cha kwanza. Ged alikua kwa kusafiri; Tenar anakua kwa kuzuiwa. Pili, linaonyesha dini iliyokauka. Mahali hapa pametunzwa kwa karne nyingi ilhali nguvu za kisiasa zimehamia kwa Mfalme-Mungu, ambaye anayaheshimu Makaburi kwa maneno tu. Kuhani wake, Kossil, hamwamini mungu yeyote. Anatumia ibada kulinda cheo, na kitendo cha kumsaliti ni pale anapoingia pangoni na taa mkononi. Aliyewatisha wengine kwa mwiko ndiye wa kwanza kuuvunja.

Mzingile nao ni taashira yenye tabaka nyingi. Ni gereza la Ged, lakini pia ndiyo mamlaka pekee ya Arha: hakuna mwingine aijuaye njia. Hapo ndipo penye kejeli ya mambo. Kile anachokimiliki ndicho kinachommiliki. Katika Kiswahili, Kezilahabi alilitumia neno hili hili kama anwani ya riwaya yake mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walimu wanaweza kulinganisha taswira hizi mbili kwa faida, mradi wasidai kwamba mwandishi mmoja alimwiga mwenzake. Wote wawili wanachota katika hazina ya kale ya visasili.

Majina

Watahiniwa wetu wanaijua mbinu ya majazi, ambapo jina la mhusika huwiana na tabia au hali yake. Arha ni majazi kamili: Aliyeliwa ameliwa kweli, nafsi na utoto wake. Linalofaa kuzingatiwa ni kwamba mwandishi anaipindua mbinu hiyo. Jina la majazi ndilo la uongo, nalo limebandikwa na taasisi. Tenar, jina ambalo halitufasiri chochote, ndilo la kweli, kwa sababu lilitolewa na mama aliyempenda. Kukombolewa kwa msichana huyu ni kuondoka katika jina linalomweleza na kuingia katika jina linalomwacha wazi, ajaze maana mwenyewe.

Wahenga walisema, mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Kitabu hiki kinaikubali methali hiyo na kuipinga kwa wakati mmoja. Malezi ya Makaburi yamemwingia Tenar hadi mifupani. Baada ya kutoroka, akiwa ufukweni, anashika kisu na kukaribia kumuua Ged aliyemsaidia. Mwandishi hafichi jambo hilo. Kwake, uhuru ni mzigo mzito anaoupokea mtu asiyezoea kubeba, na Tenar anaulilia: analilia miaka iliyopotea na watu aliowaua kwa amri yake. Katika fasihi ya vijana ya wakati huo, ambapo ushindi ulifuatwa na sherehe, huo ulikuwa ujasiri mkubwa.

Pingamizi: nani alimkomboa nani?

Mwaka wa 1973, katika insha kuhusu utunzi wake, Le Guin alieleza kwamba kitabu cha kwanza kinahusu kukomaa kwa kijana, cha pili kukomaa kwa msichana, na cha tatu kifo. Lakini kadiri uhakiki wa kifeministi ulivyopamba moto, swali gumu lilijitokeza. Msichana amekaa gizani kwa miaka kumi, na ni lazima aje mwanamume mwenye fimbo yenye mwanga ili atoke? Isitoshe, wanawake wote wenye madaraka humu wamechorwa wakiwa wanyonge au waovu. Na katika kitabu cha tatu Tenar haonekani tena. Nafasi yake imechukuliwa na mwanamfalme Arren.

Pingamizi hili lina uzito, na mwalimu asilipuuze. Hata hivyo, matini yenyewe yana ushahidi wa upande wa pili. Ged akiwa mzingileni hana uwezo wa kujiokoa. Nguvu zake zote anazitumia kulizuia giza lisimmalize. Maji anapewa na Tenar, njia anaoneshwa na Tenar, na hata nusu ya bangili inapatikana kwa kuwa Tenar ameamua kumfikisha kwenye hazina. Le Guin mwenyewe, katika maelezo aliyoyaandika miaka mingi baadaye, alisisitiza kwamba hakuna kati yao ambaye angetoka bila mwenzake. Aliongeza tofauti inayofaa sana darasani: kuna nguvu ya kuweza kutenda na kuna nguvu ya kutawala wengine. Arha alipewa ya pili tu, na ndiyo maana alikuwa mtumwa akiwa juu ya kiti cha enzi.

Lakini jibu kubwa zaidi la mwandishi halikuwa insha. Mwaka wa 1990, miaka 19 baada ya The Tombs of Atuan, alichapisha Tehanu. Tenar anarudi akiwa mjane wa makamo, mkulima, anayemlea mtoto wa kike aliyechomwa moto na watu wake. Ged amepoteza nguvu zake zote. Sasa yeye ndiye anayepokelewa na kuuguzwa. Mwaka wa 1992, katika mhadhara alioutoa Oxford, Le Guin alieleza jinsi desturi ya hadithi za kishujaa ilivyomfunga katika mtazamo wa kiume hata bila yeye kutambua. Mwaka wa 2001 viliongezwa vitabu viwili zaidi. Trilojia ikawa imevunjika, na kitabu cha kati kikawa si cha kati tena. Kilichoonekana kuwa kituo katika safari ya Ged kilidhihirika kuwa mwanzo wa safari ya Tenar.

Suala la rangi

Kuna jambo moja ambalo msomaji wa Afrika hataliacha lipite. Ged ana ngozi ya kahawia iliyoiva, nao Wakargi, akiwemo Tenar, ni weupe. Le Guin alifanya hivyo makusudi katika utanzu uliokuwa umewajaza mashujaa weupe. Uzito wa uamuzi huo unajitokeza hasa katika kitabu cha pili. Msichana mweupe amefunzwa tangu utotoni kwamba watu weusi wa visiwa vya ndani ni walaaniwa wasio na roho. Anapomchungulia mgeni kutoka juu, anaona kwanza kile alichofundishwa kuona. Kubadilika kwa macho yake ndiko kubadilika kwa kitabu.

Mwaka wa 2004 vitabu viwili vya kwanza viliunganishwa kuwa filamu ya televisheni nchini Marekani, na Ged akaigizwa na mwigizaji mweupe. Le Guin alilalamika hadharani kwa maandishi mwaka huo huo. Malalamiko yake yalikuwa na msingi wa kifasihi pia. Ukiibadilisha rangi ya Ged, unaondoa chuki ambayo Tenar anapaswa kuishinda, na mandhari ya pangoni yanabaki kuwa hadithi ya mateka tu.

Hitimisho

Historia ya The Tombs of Atuan inatufunza mambo matatu. Kwanza, nafasi ya kitabu katika mfululizo ni tukio la kihistoria, inaweza kubadilika. Pili, hukumu ya mhakiki sharti iwe na tarehe. Aliyeandika mwaka wa 1975 kwamba Tenar ametupwa na mwandishi hakukosea, kwa kuwa hakuwa na Tehanu mkononi. Anayeandika hivyo leo amekosa kusoma. Tatu, na hili ni kwa watahiniwa hasa, si kila mhusika wa kike aliyesaidiwa na mwanamume ni chombo, wala si kila mwenye cheo ana uhuru. Jibu linalobandika lebo bila kurejelea matukio halitofautiani na ibada za Makaburi: maneno yanaimbwa vizuri, lakini maana yake imeshasahauliwa.

Mwalimu anaweza kuligawa darasa makundi mawili, moja litetee kwamba Ged ndiye mkombozi na jingine kwamba ni Tenar, kila kundi likitumia matukio ya kitabu hiki pekee. Baadaye awape muhtasari wa Tehanu na kuwauliza nani angependa kubadilisha msimamo, na kwa nini. Mjadala huo utawafunza wanafunzi kutenganisha yaliyomo ndani ya matini na yale yanayoletwa na historia yake, na huo ni ujuzi watakaouhitaji kwa riwaya yoyote ya Kiswahili watakayotahiniwa.

Maswali ya mazoezi

1. "Kile anachokimiliki ndicho kinachommiliki." Thibitisha kauli hii kwa kumrejelea mhusika Arha.

2. Eleza jinsi mwandishi anavyoipindua mbinu ya majazi.

3. Linganisha taashira ya giza na ya mwanga katika riwaya hii. Je, mwanga daima ni wema?

4. Kwa kurejelea riwaya yoyote ya Kiswahili uliyoisoma, jadili tofauti kati ya nguvu ya kutenda na nguvu ya kutawala.